Orodha ya Nyuma ya Kalenda

Kwetu karatasi haitupwi mpaka itumike pande zote mbili, na kalenda ya ukutani haikusamehewa. Mwaka mzima inahesabu siku upande wa mbele. Ikifika wiki ya mwisho ya Desemba, baba watoto huitungua msumarini, akaigeuza, na mgongo wake mweupe ndio tunaoandikia mahitaji ya bustani ya mwaka unaokuja. Desturi hii ni yake. Ni mwalimu wa historia, na mtu akishafundisha historia miaka thelathini na ushei huwa na imani ya ajabu na maandishi. Kisichoandikwa hakikutokea, kilichoandikwa hakina budi kutokea.

Shujaa wake katika mambo ya kuagiza miche ni Dk. Richard Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge Tanga mwaka 1893. Aliagiza miche 1000 kutoka Florida, na baada ya safari ya bahari mbili ikasalia hai 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya mkonge unayoyaona ukisafiri kutoka hapa Tanga hadi Korogwe. Wapenda chumvi huongeza kwamba miche ilitoroshwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Kisa hiki nimekisikia siku ya uchumba wetu, nimekisikia kila mche ulipokauka, na sina shaka nitakisikia nikiwa kwenye machela.

"Andikeni kwa kifupi," hutuambia akitandaza kalenda mkekani. "Neno moja linatosha. Hii siyo barua ya posa."

Hilo neno moja ndilo lililotuponza.

Bustani yenyewe msiitukuze. Ni uwanja wa nyuma, hatua zangu ishirini na mbili kwenda ukutani, kumi na nne kutoka chooni hadi kwenye kamba ya kuanikia. Juu kuna udongo mwekundu wa kubahatisha. Ukichimba kipimo cha goti unagonga jiwe la matumbawe na jembe linarudi mkononi likilia. Mwembe dodo tuliukuta. Kuna migomba miwili, tuta la mchicha, tuta la bamia, na safu ya vijiti vilivyosimama bila kushika kitu. Hapo palikuwa na nyanya zangu kabla ya kantangaze. Asiyemjua na ashukuru: ni mdudu wa asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia nchini mwaka 2014. Nondo wake ni mdogo hata hushtuki ukimwona, ila viwavi wake huchimba njia ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha wakahamia kwenye tunda. Wakulima wamempa jina hilo kwa sababu akishapita shambani kwako, habari zako zitafika sokoni kabla yako.

Mwaka ninaousimulia, orodha ilikuwa fupi kuliko zote. Baba watoto aliandika Toroli, akapiga mstari chini yake kwa rula. Mimi niliandika Mpira. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, aliandika lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa chuoni Pangani alipokuwa msichana. Kwa herufi hizo huandika Kiswahili chake chote: zamu za upatu, dawa za kikohozi, majina ya wanaomdai na anaowadai. Wa mwisho kufika alikuwa kitindamimba wetu, mwenye miaka kumi na mmoja. Alishika kalamu, akaisoma orodha kwa kidole, akatabasamu, akairudisha kalamu mahali pake. Nikasema moyoni, mwanangu amekua, ameacha tamaa.

Jioni ile Bibi akanifuata jikoni. "Mwanangu, na mpira je, umo?"

"Umo, Mama. Nimeuandika mimi mwenyewe."

"Basi mimi roho yangu imetulia."

Nilifurahi mno. Kumbe mama mkwe anaona ninavyovunjika mgongo kwa kubeba ndoo za kumwagilia!

Februari, baba watoto alialikwa Lushoto kwenye harusi ya binti wa mwalimu mwenzake. Alinakili orodha kwenye kikaratasi, akiyahamisha maandishi ya mama yake kwenye herufi za shule, akakitia mfuko wa shati na shilingi laki mbili na nusu tulizodunduliza. Nilimsihi anunue vitu hapa mjini akirudi. Akasema miche ya milimani ina afya.

Alirudi Jumapili alasiri, na kabla hatujamwona tulisikia mtaa ukimpokea. Alishuka stendi ya Kange, akapitia duka la vifaa vya ujenzi, akakataa bajaji, akakataa mkokoteni, akalisukuma toroli lake jipya kwa mikono yake hadi nyumbani. Lilikuwa la kijani, gurudumu jeusi linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi. Ndani yake, bega kwa bega, imekaa miche miwili kwenye viriba, kila mmoja na majani yake sita au saba, ikitikisika kila toroli lilipoparamia jiwe. Kati yake umelala mpira wa miguu, mweupe kwa mweusi, namba tano.

"Mwalimu, maharusi hao?" fundi cherehani alimpigia kelele barazani.

"Wageni kutoka milimani!" naye akajibu, jasho linamtiririka, meno yote nje.

Kitindamimba aliruka ukuta. Alikuwa ameukumbatia ule mpira kabla toroli halijasimama, akisema, "Ahsante Baba, nilijua tu, niliuona kwenye orodha."

Mimi nilibaki na ndoo mkononi.

"Baba watoto, na mpira wangu?"

"Si huo?"

"Mpira wa maji! Wa kumwagilia!"

Akatoa kikaratasi mfukoni, akavaa miwani. "Umeandika mpira. Hujaandika wa maji, hujaandika wa miguu. Dukani nilikuta mpira wa maji wa mita thelathini, nikaambiwa bei. Nikakuta na huu, nikaambiwa bei." Akakikunja kikaratasi. "Waraka ukiwa na maana mbili, msomaji anachagua."

Na alichagua, mtumishi wa Mungu, ile ya bei nafuu.

Ningekuwa na la kumjibu, lakini Bibi alikuwa ameshatoka chumbani, kashika upindo wa kanga, anaizunguka ile miche kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Aligusa jani. Akalipindua, akaona lina manyoya meupe kwa chini. Akalinusa.

"Hii nini?"

"Mitufaha, Mama. Ulichoandika."

"Mimi nimeandika tofaa."

"Ndiyo hiyo, Mama. Tofaa, tufaha, epo. Lile tunda la Lushoto, la duara."

Nimeishi na Bibi miaka mingi, sijawahi kumwona akimtazama mwanawe vile. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akatufundisha sote, hata fundi cherehani aliyekuja kujua kulikoni, tofaa ni nini. Tofaa si la duara. Tofaa limechongoka huku, limenenepa kule, jekundu la kuiva, ndani jeupe laini kama pamba iliyoloweshwa, na harufu yake ni ya waridi. Mtofaa ulikuwa uani kwa baba yake Pangani. Ukitoa maua hautoi kwenye ncha, unatoa kwenye matawi manene na shina lenyewe. Nyuzi za maua zikipukutika usiku, asubuhi ardhi yote chini ya mti inakuwa ya zambarau nyekundu, utadhani kuna mtu kamwaga poda. Wasichana wakikatazwa kufagia mpaka wageni wapite waone. "Tangu nilipoolewa nikaja Tanga," alisema, "sijakanyaga maua yale."

Ikawa kimya. Mimi nilidhani yameisha. Lakini mwalimu wa historia hakubali kushindwa akiwa na ushahidi wa lugha.

"Mama, wewe umeandika kwa Kiarabu. Na Kiarabu chenyewe tuffah ni hili hili la duara. Neno lenu la Pangani limetoka huko. Huo mti wenu asili yake visiwa vya Wamalei, umeletwa na vyombo, wazee walipoona tunda jekundu wasilolijua wakalipa jina la tunda la Waarabu. Kwa hiyo mimi nimerudi kwenye asili."

Bibi aliinuka, akajitanda kanga yake sawasawa.

"Mwanangu, nimeandika kwa herufi za Kiarabu. Maneno ni ya kwetu."

Akaingia ndani. Siku ile hakula na sisi.

Kesho yake niligundua kwamba neno langu moja lilikuwa limebeba watu watatu. Bibi, akiwa bado na uchungu, aliniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua: "Hata mpira naye kausahau?" Ndipo ilipobainika kwamba yeye hakuwa akifikiria mgongo wangu hata kidogo. Mpira wake ni ule mti, kisamvu mpira. Kwa wasio wa pwani yetu: ni ndugu wa muhogo, una asili ya Brazili, huwa mti mrefu wa miaka, na majani yake ndiyo tunayoyatwanga kwenye kinu. Wajerumani waliupanda kwa wingi Tanga na Muheza kwa ajili ya utomvu, wakawa wanaugema kama mgema wa tembo. Mwaka 1913 bei ya mpira duniani ikaporomoka kwa sababu ya mashamba ya Asia, wakaachana nao. Baadaye wataalamu wa Amani, kule juu Usambara ya Mashariki, waliutumia kuzalishia mihogo inayostahimili batobato na michirizi ya kahawia. Sisi tulichuma majani. Yanatakiwa yatwangwe hasa na yachemke sana, maana yana sumu yake, kisha ndipo yatiwe tui. Mtu aliyekula kisamvu cha mpira akaletewa cha muhogo hujua katika tonge la kwanza.

Na huo haukuhitaji pesa. Nilitoka nikaomba kipande kwa jirani, chenye vifundo vitano, nikamletea. Bibi akakichomeka mwenyewe karibu na dirisha lake na hakuniambia ahsante. Alinikatia nusu ya mkate wake wa kumimina, nikajua tumepatana.

Yule mwingine wa tatu, mwenye mpira wa miguu, alikuwa ameshavunja nusu ya tuta la mchicha.

Sasa toroli. Nitakuwa mkweli: mwanzoni lilitufaa. Lilibeba samadi kutoka kwa wafuga ng'ombe wa mtaa wa pili, likabeba madumu, likambeba kitindamimba. Kosa letu lilikuwa kulilaza nje. Jirani wa nyuma, fundi ujenzi, alikuwa anaongeza chumba. Alikuja na salamu ndefu, ya wazazi, ya watoto, ya kuku, na nilijua kabla hajafika mwisho.

"Mwalimu, niazime saa moja tu."

Hiyo saa ilichukua siku tisa. Toroli liliporudi lilisukumwa na vijana wawili, na mlio wake ulikuwa mwingine. Zege lilikuwa limekaukia ndani, unene wa vidole vitatu, limefuata umbo la toroli kwa uaminifu mkubwa. Gurudumu lilikuwa limelala pancha. Baba watoto hakusema neno. Alileta nyundo na tindo, akachutama, akaanza kugonga, kidogo kidogo, kama daktari wa meno. Lile zege halikutaka. Akaongeza nguvu. Siku ya pili lilibanduka pande zima, na tindo likapitiliza chini, likatoboa tumbo la toroli matundu matatu. Aliinua toroli, akachungulia, akaniona upande wa pili kupitia tundu.

"Litabeba samadi," alisema. "Samadi haivuji."

Tukaingia Machi. Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya baharini, na ile miche miwili ilikuwa bado kwenye viriba chini ya mwembe, mizizi imeshachungulia. Jumamosi moja baba watoto aliamua kuipanda. Alichagua mahali palipo wazi, mbali na mwembe, karibu na dirisha la Bibi. Nadhani alitaka siku moja mama yake afungue dirisha aone tunda la duara amsamehe. Akapima futi mbili kwa mbili, akachimba kwa jembe hadi kwenye jiwe, akachukua mtaimbo.

Ni lazima niseme kwamba miaka minane nyuma, mtu huyu huyu, kwa mikono yake miwili, alilaza bomba la plastiki kutoka kwenye mita hadi jikoni, akalipitisha hapo hapo chini ya dirisha la Bibi, akafukia. Naye, mwalimu wa historia, hakuandika popote.

Mtaimbo wa tano ndio uliotokea upande wa pili.

Maji yalipanda juu kama mshale, yakapiga ukuta, yakarudi, yakaloanisha kanga zote za Bibi kwenye kamba. Baba watoto aliziba kwa kiganja. Yakatokea kati ya vidole. Akakalia. Tukamwona anainuka. Mimi nilikimbilia koki ya mita. Imeshika kutu, haiendi huku wala kule. Shimo likajaa, likamwagikia kwenye bamia, kuku wakapanda juu ya tanuri.

"Mpira!" alipiga kelele. "Leteni mpira! Haraka!"

Kitindamimba alitoka mbio ndani kama askari wa zimamoto, akamkabidhi baba yake mpira wa miguu, namba tano.

"Siyo huu!"

"Wa maji hukununua," nilisema. Najua haikuwa saa yake. Lakini nilikuwa nimeisubiri tangu Februari.

Bibi akatokea dirishani. "Mpira wangu haung'olewi! Juzi tu umechipua!"

"Mpira wa kufungia!" Sauti ilikuwa imeanza kupasuka, maji yanamwingia mdomoni. "Wa gurudumu! Wa baiskeli! Wa kufunga bomba!"

Tukatazamana. Baiskeli yetu iliuzwa zamani. Majirani wameshajaa ukutani, kila mmoja anatoa ushauri, hakuna anayetoa mpira. Ni Bibi aliyenyoosha mkono, taratibu, kidole chenye hina ya Idi iliyokwishafifia, akaonyesha chini ya dirisha lake.

"Si huo hapo, kwenye toroli lako?"

Baba watoto aliligeukia toroli. Akaligeukia bomba. Akarudi kwenye toroli, na kusema kweli sura ile niliiona mara moja tu kabla ya hapo, siku alipouza redio ya marehemu baba yake. Kisha akaomba kisu. Gurudumu lilifunguliwa, mpira wa ndani ukachomolewa, mweusi, laini, bado una unga mweupe wa kiwandani, akaukata mshipi mrefu upana wa vidole viwili. Aliufunga kwenye bomba akiuvuta kwa meno, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ule mshale ukawa uzi, ule uzi ukawa matone, na matone yakakoma. Mpaka leo bomba lile halijabadilishwa. Lina fundo kama goti la ngamia.

Shimo, kwa kuwa lilikuwa limeshachimbwa, lilipandwa. Mtufaha mmoja uliwekwa hapo, wa pili hatua nne mbele. Wa pili ulizama na masika, shina likaoza. Nilingoja hotuba, nayo ikaja: Hindorf aliagiza 1000, ikasalia 62.

"Wewe uliagiza miwili, umesaliwa na mmoja," nilimwambia. "Kwa hesabu umemshinda Mjerumani."

Uliosalia ulistawi. Majani tele, tena ya kupendeza. Bwana shamba mmoja mstaafu, anayepita kwetu kunywa kahawa, aliutazama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Alitueleza kwamba mtufaha ni mti unaolala. Aina nyingi zinataka mamia ya saa za baridi, chini ya nyuzi saba hivi, ndipo macho yake yaamke yatoe maua. Lushoto, mita 1400 hivi juu ya bahari, wanahangaika na aina zisizodai baridi nyingi. Tanga mwezi wa saba, tunapojifunika shuka mbili na kulalamika, usiku haushuki sana chini ya nyuzi ishirini. "Mti wenu utakesha maisha," alisema.

Kitindamimba alilichukua jambo hilo kwa uzito. Jirani huuza barafu za mifuko. Wiki nzima ya Julai, kila baada ya Isha, baba na mwana walizipanga kuzunguka shina, wakafunika kwa gunia, wakanong'ona kama wezi. Usiku wa nne walichanganya, wakaweka na za ukwaju. Asubuhi siafu walikuwa wamepanga foleni kutoka ukutani.

Wakati huo wote Bibi hakutaja tofaa tena. Nilimwona siku matofaa yalipoingia sokoni anarudi na kikapu, anakula moja moja barazani na mashoga zake, na kila mmoja akimaliza anampa kokwa. Nilidhani wanahesabu nani kala zaidi. Niliona pia toroli, lililokaa bila gurudumu chini ya dirisha lake, limejaa udongo na samadi iliyooza vizuri. Sikuuliza. Kwenye nyumba ya wakwe kuna maswali unayajibia mwenyewe kwa kungoja. Yale matundu matatu ya tindo, kumbe, yalikuwa yanatoa maji ya ziada kama kitalu cha kitaalamu. Siku moja nikaona vichwa vyekundu vinachomoza, majani mapya yanayong'aa kama yamepigwa rangi ya kucha, safu kwa safu.

Desemba ikafika. Kalenda ikatunguliwa, ikageuzwa, ikatandazwa mkekani. Safari hii baba watoto alitoa agizo jipya: kila mmoja aandike kirefu, aina, ukubwa, kazi yake, na tusitumie neno lolote lenye maana zaidi ya moja. Mimi nikajaza mistari minne kuhusu mpira wa kumwagilia maji, mita thelathini, wa kijani, na viungio vyake. Kitindamimba akaandika habari ya baiskeli. Naye mwenyewe akainama, akaandika neno moja, akajikuta tunamtazama.

Mpira.

"Wa gurudumu," akaongeza haraka. "Wa toroli. Nilirudishe kazini."

Bibi akanyoosha mkono, akapewa kalamu. Aliandika polepole, kulia kwenda kushoto, neno moja na tarakimu mbili, akampa mwanawe kalenda. Akavaa miwani. Akasoma kimya, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Viriba," alisoma. "Sitini na mbili."

"Toroli lako utalipata," alisema Bibi, "nikishahamisha watoto wangu."

Baba watoto hakujibu. Alichukua tochi, akatoka uani, na tukiwa ndani tulimsikia chini ya dirisha la mama yake akihesabu kwa sauti ya chini. Alifika hamsini na tisa, akapotea, akaanza upya.